Jinsi ya Kuongoza Mjadala wa Riwaya ya Mahakamani Iliyowagawa Wasomaji

Riwaya za mahakamani huwagawa hata watu ambao kwa vitabu vingine hukubaliana bila shida. Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi kwenye baraza la nyumba ya mwanachama mmoja, Area D hapa Dodoma, na hakuna kitabu kilichotuletea mabishano makali kuliko A Time to Kill, riwaya ya kwanza ya John Grisham, iliyotoka mwaka 1989. Baba mweusi wa Mississippi anawapiga risasi na kuwaua wazungu wawili waliombaka binti yake wa miaka 10, anafanya hivyo ndani ya jengo la mahakama mchana kweupe, kisha wakili kijana anayeitwa Jake Brigance anamtetea asihukumiwe kifo. Nusu yetu walikisifu kana kwamba wao ndio walioshinda kesi. Nusu ya pili walikirudisha wakiwa na hasira, na wawili kati yao walikuwa wamekwama katikati ya kitabu.

Mwongozo huu ni wa mtu atakayepewa kazi ya kuongoza kikao cha namna hiyo, kazi ambayo mimi niliifanya vibaya mara ya kwanza na kwa unafuu kidogo mara ya pili. Nilichokigundua ni kwamba wasomaji wanaogombana kuhusu riwaya ya aina hii aghalabu hawajibu swali moja: huyu anapima mwendo wa hadithi, yule anapima usahihi wa sheria, wa tatu anapima kama muuaji alistahili kurudi nyumbani kwake, na wote watatu hutumia maneno yale yale mawili, kizuri na kibaya. Kwa hiyo usijitwishe kazi ya kuwapatanisha. Watenganishie maswali yao, kisha umtake kila mmoja aonyeshe sura ambayo ndani yake aliona hicho anachokisema.

Kabla ya kikao

Kisome kitabu mara mbili. Usomaji wa kwanza ni wako mwenyewe, ucheke na ukasirike upendavyo. Wa pili usome ukiwa na kalamu, ukiandika mahali ambapo unahisi msomaji mwingine atasimama na kunung'unika. Andika namba za sura, wala usiandike za kurasa, kwa sababu riwaya hii imechapwa mara nyingi kwa maumbo tofauti, na nakala za mitumba tunazookota kwenye meza za kando ya njia mjini hazilingani kurasa. Sisi tulikuwa na nakala nne kwa watu kumi na mmoja, kila moja na jalada lake, na katika kikao cha kwanza tulipoteza karibu nusu saa tukiulizana kama tuko mahali pamoja.

Watu wachache wakisoma nakala moja kwa zamu, wape muda wa kutosha. Kwa riwaya nene iliyoandikwa kwa Kiingereza, miezi miwili si mingi. Wenye Kiingereza chepesi watamaliza kwa wiki moja na kuanza kuwasimulia wengine mwisho wake, kwa hiyo waombe mapema wafunge midomo, ingawa nakiri kwamba ombi hilo halijawahi kuheshimiwa kikamilifu katika kikundi chetu.

Jambo ambalo hupaswi kulisahau ni kuwaonya wanachama kuhusu sura ya kwanza. Riwaya inafunguka kwa kitendo cha ubakaji wa mtoto, nacho kimeelezwa waziwazi. Katika watu kumi, huwezi kujua nani ana jeraha lake la zamani au la mtoto wake. Mwambie kila mtu kwamba anaruhusiwa kuanzia sura ya pili, mpe muhtasari wa mistari miwili ya yaliyotokea, na asiulizwe sababu, si siku hiyo wala baadaye. Vivyo hivyo kwa matusi ya kibaguzi ambayo wahusika wazungu wanawatupia weusi karibu kila baada ya kurasa chache: yanapofika kusomwa kwa sauti, sema tu kwamba hapa pana tusi, kisha uendelee. Kulitafutia tafsiri ya Kiswahili hakuongezi maarifa, na baadhi ya tafsiri nilizozisikia zilimfanya mtu acheke mahali ambapo mwandishi hakukusudia kicheko.

Andaa pia karatasi moja ya taarifa za mwandishi, isizidi ukurasa. Grisham alizaliwa mwaka 1955 Arkansas, akafanya kazi ya uwakili kwa takriban miaka kumi katika mji mdogo wa Southaven, Mississippi, na kwa sehemu ya miaka hiyo, hadi 1990, alikuwa pia mjumbe katika Bunge la jimbo. Mwaka 1984, katika mahakama ya wilaya ya DeSoto, alimsikia binti wa miaka 12 akitoa ushahidi wa jinsi alivyobakwa, na akatoka akijiuliza ingekuwaje kama baba wa mtoto yule angewaua waliomtenda hivyo. Aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa miaka mitatu. Mchapishaji mdogo, Wynwood Press, akachapa nakala 5,000, ambazo 1,000 kati yake mwandishi alizinunua mwenyewe na kuzitembeza. Mwaka 1991 kilipotoka kitabu chake cha pili, The Firm, ndipo dunia ilipomjua, na wasomaji wakarudi nyuma kukitafuta kile cha kwanza.

Taarifa hizi si za kupamba karatasi. Msomaji aliyeanza na kile cha pili, chenye mbio na siri kila sura, akirudi kwenye cha kwanza atakiona kizito, kimejaa mikutano ya makanisa, wanasiasa wa wilaya, mlo wa asubuhi mgahawani, na mawakili wanaokunywa pombe kuliko wanavyofanya kazi. Atasema mwandishi amechoka, ilhali ukweli ni kwamba alikuwa hajaanza kujua ufundi wake, na alikuwa anaandika mji anaoujua. Malalamiko mengi kuhusu mwendo yanaishia hapo.

Usianze kwa kuuliza kama wamekipenda

Mara ya kwanza mimi nilifungua kikao kwa kuuliza, "Haya wenzangu, mmekionaje?" Mzee wetu mmoja, karani mstaafu wa mahakama, mtu tunayemheshimu wote, akajibu kwa sentensi moja: "Kitabu hiki kinawafundisha watu kuua." Baada ya hapo hakukuwa na mjadala. Vijana walitazama chini, kwa kuwa kwetu mtu hamrukii mzee kwa jibu la moja kwa moja mbele za watu, na binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuja na kurasa mbili za maandishi, alifunga daftari lake taratibu. Nilikuja kujua alichotaka kusema tulipokuwa tunasubiri daladala, na kilikuwa bora kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kosa halikuwa la mzee, kwani nilimuuliza naye akajibu. Kosa lilikuwa la swali langu.

Tangu siku hiyo ninagawa vipande vya karatasi kabla hata ya chai kumiminwa. Kila mmoja anaandika jambo moja lililomuudhi na jambo moja lililomshika, pamoja na namba ya sura, bila kuweka jina. Vipande vinakusanywa kwenye kikapu, kisha ninavisoma kwa sauti na kuvipanga mezani kwa mafungu kadiri vinavyofanana. Katika A Time to Kill vipande vyetu vilijipanga katika mafungu manne bila kulazimishwa: vilivyohusu mwendo, vilivyohusu sheria, vilivyohusu haki ya lile tendo lenyewe, na vilivyohusu watu walivyochorwa. Riwaya nyingine inaweza kukupa mafungu tofauti, na ukiona fungu lina kipande kimoja tu, usilidharau, kwa maana mara nyingi ndicho kilichoandikwa na msomaji makini kuliko wote.

Kusoma vipande visivyo na majina kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia: mzee wetu alisikia hoja ya yule binti bila kujua ni ya nani, akasema, "Huyu aliyeandika hivi amesoma vizuri."

Anza na fungu la mwendo ulimalize haraka, maana huko watu hawabadilishani mawazo, wanabadilishana ladha. Waliokulia kwenye riwaya za Elvis Musiba, ambako Willy Gamba hakai kurasa tano bila kukoswakoswa na risasi, watasema wakili anayekaa ofisini akisubiri tarehe ya kesi hana mvuto. Waliozoea Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, anayekaa na kufikiri, watavumilia zaidi, lakini watalalamika kwamba hakuna fumbo, kwa sababu tangu mwanzo tunajua nani ameua na kwa nini. Malalamiko yote mawili ni ya haki, na jibu la yote mawili ni moja: riwaya ya mahakamani haiulizi nani aliua, inauliza watu watamfanya nini aliyeua. Mwulize aliyekwama katikati ni sura ipi aliyoishia. Kwetu sisi wawili walikwama mahali pamoja, kwenye mivutano mirefu kuhusu wapi kesi isikilizwe, na hilo likatufikisha kwenye sheria bila mtu kutusukuma.

Fungu la sheria

Hapa ndipo utakapohitaji muda mwingi, na kwa mji kama Dodoma hapana uchache wa wajuzi. Tangu Serikali ilipohamia huku kwa kishindo kuanzia 2016, haikosekani katika kikundi chochote cha kusoma mwanasheria wa Serikali, karani, au jirani wa karani. Mwanasheria ni baraka na mtihani. Usimwachie afungue, kwa sababu akishasema kwamba jambo fulani haliwezekani kisheria, wengine hunyamaza wakidhani kitabu kimeshindwa. Mpe kazi maalumu: aeleze kwa dakika kumi, kwa Kiswahili cha mtaani, tofauti ya mahakama ya kwenye kitabu na mahakama yetu, bila kutoa maoni yake kuhusu riwaya.

Tofauti ya kwanza ni juri, yaani raia 12 wa kawaida wanaosikiliza ushahidi, wanajifungia chumbani, na lazima wakubaliane wote ili kumtia mtu hatiani au kumwachia huru. Sisi hatuna juri. Kwa miaka mingi kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zilisikilizwa na jaji akiwa na wazee wa baraza, ambao mwishoni kila mmoja alitoa maoni yake waziwazi, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji. Siku hizi sheria haimlazimishi tena kuketi nao. Zaidi ya hapo, jaji wetu ni lazima aandike hukumu yenye hoja zilizobishaniwa, uamuzi, na sababu za uamuzi. Juri haitoi sababu. Inatoka, inasema mshtakiwa hana hatia, inakwenda nyumbani.

Msisitize wasomaji wako wakae na tofauti hii kabla hawajaendelea, maana mimi ninaamini ndiyo inayozaa nusu ya kutoridhika kwao na mwisho wa kitabu. Msomaji wa Kitanzania, hata asiyewahi kukanyaga mahakamani, amezoea kusikia kwenye taarifa ya habari kwamba jaji alisema upande wa mashtaka umethibitisha kesi yake pasipo kuacha shaka, kwa sababu moja, mbili, tatu. Akifika mwisho wa riwaya akapewa uamuzi usio na sababu, anahisi mwandishi amemdhulumu, kumbe mwandishi ameiandika mahakama ya kwao jinsi ilivyo. Anayesema mwisho ni wa kubahatisha anaweza kuwa anaikosoa juri, wala si Grisham. Mwulize ni kipi kati ya hivyo viwili. Utaona anavyonyamaza kwanza.

Tofauti ya pili ni utetezi wa ugonjwa wa akili, na kwa wakazi wa mji huu hii ndiyo nyama ya mjadala. Jake hawezi kukana kwamba mteja wake aliua, kwa kuwa waliona wengi, kwa hiyo anadai kwamba akili yake haikuwa sawa wakati ule. Kipimo kinachotumika kwenye kitabu kinatokana na kesi ya Uingereza ya 1843, ile ya Daniel M'Naghten, na asili ya kifungu chetu cha Kanuni ya Adhabu ni hiyo hiyo: je, ugonjwa ulimfanya asijue anachokitenda, au asijue kwamba ni kosa? Lakini kwetu, mshtakiwa akidai hivyo, mahakama huweza kuahirisha kesi na kuamuru apelekwe kuchunguzwa, na wanaopelekwa huletwa hapa hapa, Taasisi ya Isanga iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili. Daktari anaandika ripoti. Mahakama ikikubali, inafikia uamuzi maalumu kwamba alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya maradhi, na mtu huyo hapewi nauli ya kurudi kwao jioni ile. Anabaki chini ya uangalizi.

Katika riwaya, Carl Lee Hailey, yule baba aliyeua, anaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, naye anarudi nyumbani kwa mke na watoto. Mama mmoja wa kikundi chetu, muuguzi, akauliza, "Mbona hakupelekwa Isanga?" Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Swali lile lilifungua jambo ambalo wengi walikuwa wamelipita: hakuna mtu kwenye kitabu, si wakili, si mwendesha mashtaka, si wanajuri wenyewe, anayeamini kwamba yule baba ni mgonjwa. Alijificha mapema ndani ya jengo akapima njia watakayopita, akatafuta bunduki ya kivita, akasubiri. Wazimu ni mlango tu uliofunguliwa ili juri ipate pa kupitia. Kiongozi akifika hapa asiharakishe, kwa kuwa wapo watakaosema basi kitabu kizima ni uongo uliovikwa joho, na wapo watakaosema huo ndio uhodari wake, kwamba kimeonyesha mahakama ikitafuta maneno halali ya kufanya jambo ambalo tayari imekwisha kulitaka.

Mwanasheria wetu aliongeza jambo la tatu kwa ufupi. Sheria yetu hupunguza kosa la mauaji kuwa kuua bila kukusudia pale mtu anapotenda kwa ghadhabu ya ghafla kabla hasira haijapoa. Kwa Carl Lee mlango huo umefungwa, kwa sababu siku zilipita na mipango ikafanyika. Kwetu angetiwa hatiani kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, ingawa haijatekelezwa nchini tangu 1994. Hapo barazani pakawa kimya.

Fungu la haki, ambalo litataka kumeza mengine

Subiri mpaka fungu la sheria liishe ndipo ufungue hili, maana ukilitanguliza hutarudi tena nyuma. Hapa wasomaji hawazungumzi tena kuhusu Mississippi. Wanazungumza kuhusu yule kijana aliyechomwa moto mtaani kwao kwa kudaiwa kuiba, wanazungumza kuhusu wale wanaoitwa wananchi wenye hasira kali, maneno ambayo magazeti yetu huyatumia kana kwamba ni jina la chama kilichosajiliwa. Mzee karani alikuwa anayafikiria hayo aliposema kitabu kinafundisha kuua. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mienendo ya kesi za watu waliouawa na umati kabla ya kuulizwa jina.

Waruhusu waseme, lakini warudishe kitabuni kwa maswali yanayouma. Je, msimamo wako kuhusu Carl Lee ungekuwa ule ule kama ungeamini kwamba mahakama ingewafunga wale wawili ipasavyo? Kwa sheria yetu, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mbakaji hupata kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto hajafikisha miaka 10. Je, anayemtetea Carl Lee anatetea kuua, au anaeleza kwamba haamini kuwa mtoto mweusi wa Mississippi ya wakati ule angetendewa haki na mahakama ya wazungu? Na mtu akisema hili la pili, mwombe aonyeshe ni wapi kwenye kitabu mahakama ile imeshindwa kabla ya risasi kupigwa. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwani wale wawili walikuwa wamekwisha kukamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu. Waliokesha usiku wakiitafuta sura hiyo walirudi kikao cha pili wakiwa wamelainika, kila upande.

Usitafute jibu la fungu hili. Mtu akitaka kura, kataa kwa upole.

Fungu la watu nilikuwa nimelidhania dogo. Waliolalamika kwamba Jake anapenda sana kupigwa picha na waandishi wa habari walikuwa sahihi, na kitabu chenyewe hakimfichi. Wengine walisema wahusika weusi wanazungukia wazungu wanaowaokoa. Lakini kipande cha yule binti mwanafunzi kilisema: mtoto aliyebakwa anatoweka kwenye kitabu, kila mtu anamzungumzia, na karibu hakuna anayezungumza naye. Tulipekua sura moja baada ya nyingine tukimtafuta Tonya, mtoto huyo, na kila mara tulimkuta kitandani, au mapajani mwa baba yake, au kwenye hotuba ya wakili. Kuanzia hapo hata waliokipenda kitabu hawakukipenda kwa namna ile ile. Sisemi kwamba kila kikundi kitaliona hilo. Nasema mtafutieni nafasi mhusika ambaye kesi ni yake lakini sauti si yake, katika riwaya yoyote ya mahakamani mtakayoisoma, kwani mara nyingi yupo.

Waliotazama sinema

Katika kila kikundi kuna waliotazama sinema wakajifanya wamesoma. Usiwaaibishe. Waombe tu, mwanzoni, wanyooshe mkono, na uwaambie watakuwa na kazi yao. Sinema ya A Time to Kill ilitoka 1996, na jambo linalokumbukwa zaidi ndani yake ni hotuba ya mwisho ya wakili, anapowataka wanajuri wafumbe macho, wamwone mtoto akiteswa, kisha wadhani kwamba mtoto yule ni mzungu. Katika kitabu, wakili hasemi hivyo. Anayewaambia wenzake wafumbe macho ni mwanajuri mmoja mwanamke, ndani ya chumba chao, mbali na wakili na jaji.

Waliotazama na waliosoma wakigundua kwamba wanabishana kuhusu matukio mawili tofauti, mabishano mengi huyeyuka papo hapo, na mapya yenye afya zaidi huzaliwa. Kwa sinema, ushindi ni wa wakili hodari wa maneno. Kwa kitabu, wakili amekwisha kufanya yote aliyoweza, na kesi inaamuliwa na raia wa kawaida, mwanamke asiyelipwa umaarufu wowote. Uliza: ni upi kati ya miisho hiyo unaoweza kuuamini? Kwetu walioipenda sinema walikuwa wengi, na mimi sikubaliani nao, lakini kiongozi hasemi hilo kikaoni, anaandika kwenye mwongozo wake baadaye.

Kufunga kikao

Njia tunayoitumia sasa kufungia tumeiazima kwa wazee wa baraza. Jaji alipoketi nao, alitakiwa kwanza awafafanulie ushahidi na mambo ya msingi ya kisheria, bila kuwadokezea msimamo wake, ndipo aombe maoni ya mmoja mmoja; Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha mienendo ya kesi kwa sababu ufafanuzi huo haukufanyika inavyotakiwa. Nawe fanya hivyo. Kwa dakika tano rudia mafungu yote bila kuonyesha unaegemea wapi, kisha kila msomaji aseme maoni yake kwa sentensi mbili: moja kuhusu Carl Lee, na moja kuhusu kitabu. Ni lazima sentensi hizo ziwe mbili, kwani zikiwa moja watu hurudi kule kule kwa kumhukumu mshtakiwa wakidhani wamehukumu riwaya. Kila sentensi ibebe sababu na sura. Hakuna anayefungwa na maoni ya mwenzake, na hakuna kuhesabu.

Anza na mdogo kwa umri umalizie na mkubwa. Hili lipangwe kwa adabu: mwendee mzee kabla ya kikao, umwombe kwa heshima kwamba yeye ndiye atakayetufungia, na utaona anakubali kwa furaha, maana neno la mwisho ni heshima kuliko la kwanza. Mama muuguzi alisema angemtia Carl Lee hatiani na kwamba kitabu angempa binti yake akisome, akifikisha miaka 18. Mwanasheria alisema kinyume kabisa, angemwachia, na kitabu asingekisoma tena. Binti mwanafunzi alisema hajui kuhusu Carl Lee, na kwamba angependa mtu aiandike upya hadithi hii kutoka kitandani kwa Tonya.

Mzee karani alisema Carl Lee ana hatia, na kwa hilo hababaiki. Kuhusu kitabu akasema alikihukumu mapema, akaomba nakala aende nayo nyumbani arudie sura za juri, polepole, kwa miwani mpya. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita, na kikundi sasa kina nakala tatu. Kwa hiyo weka daftari la walioazima, uandike na tarehe.